Saa Mbili na Nusu Mpaka kwa Mama

Saa tisa kamili ndege ikatua Tabora.

Mjomba wangu Sulemani alikuwa amesimama kwenye uzio na wanaume wa Kwihara. Walikuja na lori la ushirika. Nyumbani mama yangu alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, udi unafukizwa chumbani. Maziko yalikuwa yawe adhuhuri, yakasogezwa mpaka alasiri kwa sababu moja tu... mwanawe wa kiume yumo kwenye ndege hiyo, anakuja kumteremsha mama yake kaburini.

Mlango wa ndege ukafunguliwa. Wakashuka abiria kumi na mmoja. Mjomba akawaangalia mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Mimi sikuwemo.

Jina langu ni Ghalibu. Nina miaka sabini na sita, naishi Mtwara, na naandika polepole kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi wenu humu, hasa nyinyi wa Tabora, kisa hiki mmeshakisikia. Kile cha karani aliyempa mtu baki kiti chake cha ndege siku ambayo mama yake amekufa. Kimesimuliwa misikitini, kimesimuliwa kwenye mikutano. Mwaka jana kuna mtu alikiposti humu humu, kikapata laiki mia nane. Mkaandika, "Mungu ambariki mzee huyo popote alipo."

Mzee huyo ni mimi.

Na mambo hayakwenda hivyo.

Turudi mwaka 1974. Nilikuwa karani uwanja wa ndege wa Mtwara. Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo, kupima na abiria wenyewe kwenye mzani, kuandika kilo zao kwenye karatasi na kumpelekea rubani. Nilikuwa na shati jeupe, kalamu mbili mfukoni na saa ya mkononi. Kwetu Kwihara hakukuwa na kijana aliyefika huko.

Basi nikawa najishaua. Vijana wa leo mnasema kujimwambafai, na mimi nilikuwa fundi wa hilo kabla hamjazaliwa.

Barua zangu alizisoma dada yangu Khole kwa sauti, mama amekaa pembeni na majirani wamejaa barazani. Mimi nilijua zinasomwa hivyo, kwa hiyo nilikuwa naandikia baraza zima. Leo nimetoka Dar, kesho naruka Songea. Mama, mawingu ukiyaona kwa juu ni kama pamba iliyochambuliwa.

Mawingu sijawahi kuyaona kwa juu mpaka leo ninapoandika.

Siku moja sina kazi, nikachukua rula nikaiweka kwenye ramani ya ukutani, huku Mtwara, kule Tabora. Nikapiga hesabu. Maili mia sita na ishirini. Ndege yetu ya pangaboi mbili ilikuwa inakwenda maili mia mbili na hamsini kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa mbili na nusu.

Nikaandika barua: "Mama, kati yangu na wewe ni saa mbili na nusu tu. Siku ukinihitaji, niite."

Jamani, hakuna ndege iliyokuwa inaruka njia hiyo. Ilikuwa ni rula tu. Safari ya kweli ilikuwa mpaka Dar kwanza, usubiri hapo, ndio uende Tabora, mara mbili kwa wiki, ukipata nafasi, na mvua isipoharibu mambo. Mimi karani nilijua yote hayo. Sikuyaandika.

Sasa muelewe kwetu kulivyokuwa. Nyumba yetu iko kwenye ile barabara ya zamani ya misafara. Babu mzaa mama alikwenda pwani kwa miguu mara nne. Kwetu umbali ulihesabiwa kwa siku na kwa mahali pa kulala, na kufika pwani ilikuwa miezi mitatu kama hukuugua njiani. Saa mbili na nusu, mama hakuipatia picha. Wala saa ya ukutani hatukuwa nayo.

Akamuuliza Khole, "Saa mbili na nusu ni kiasi gani?"

Khole akafikiri, akamwambia, "Mama, ni kama kuweka maharage jikoni mpaka yaive."

Mama alifurahi mno. Kuanzia siku hiyo, mtu akimuuliza habari za mwanawe, anajibu, "Ghalibu wangu yupo chungu kimoja cha maharage kutoka hapa."

Niliposikia hivyo nilicheka, nikaona nimefika.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Mimi naogopa kwenda juu.

Tangu mtoto. Nyumba zetu za tembe zina paa la bapa, watoto wote wanapanda kuanika karanga na kuchezea huko. Nilipokuwa na miaka saba mjomba Sulemani alinipandisha akaniacha. Nikalala kifudifudi nikang'ang'ania udongo, nikalia mpaka nikajikojolea. Alinishusha akanicheka kidogo, akasahau. Mimi sikusahau.

Miaka sita nimefanya kazi uwanjani, ndege naigusa kwa mkono, na sijawahi kuingia ndani. Watumishi tulikuwa na haki ya tiketi ya bure kila mwaka. Kila mwaka nilikuwa na udhuru. Wenzangu walidhani nina roho nzuri kwa sababu nawaachia nafasi.

Na mwaka 1972 nilikwenda nyumbani likizo... sijui niliandikeje hili.

Nilikwenda kwa lori na treni kama watu wote. Nikashuka stesheni ya Tabora asubuhi. Nikaenda msikitini, nikaoga, nikabadilisha nguo, nikakung'uta vumbi la behewa kwenye viatu. Halafu nikakaa mpaka mchana nikisubiri saa ya ndege kutua. Ilipotua, nikatembea mpaka uwanjani, nikajichanganya na abiria waliokuwa wanatoka, nikaomba lifti mpaka Kwihara.

Mama akanishika mikono akaigeuza geuza.

"Tazameni. Ametoka Mtwara hana hata vumbi."

Huyo ndiye mtu anayewaandikia hivi sasa.

Basi ikafika ile Jumatano. Saa mbili asubuhi nimefungua ofisi, mtambo wa redio ukaita. Viwanja vilikuwa vinaongea kwa redio, na kule Tabora aliyekuwa anakaa kwenye mtambo ni rafiki yangu Yahaya. Siku zote tukimaliza habari za hali ya hewa tunataniana. Siku hiyo hakutania.

"Ghalibu, umekaa?"

"Nimekaa."

"Mama yako amefariki alfajiri. Mjomba wako yupo hapa na mimi. Anauliza, wakusubiri?"

Nakumbuka redio ilikuwa inakoroma na mimi natazama ratiba ubaoni. Ndege ya siku hiyo inaondoka saa nne, inafika Dar saa tano, saa saba inaendelea, saa tisa Tabora. Mungu alikuwa ameniwekea ndege mlangoni.

"Waambie wanisubiri. Natua saa tisa."

Nilisema kwa sauti ya karani. Nikajisemea moyoni, leo ni mama, leo utapanda tu.

Kilikuwa kimebaki kiti kimoja. Nikaandika jina langu.

Nusu saa baadaye akaja mtu amevaa gambuti za matope, anahema. Alikuwa mtumishi wa idara ya maji, wanachimba visima huko Newala. Ametembea usiku, akadandia lori la korosho mpaka Mtwara.

"Ndugu karani, nataka kwenda Tabora."

"Imejaa."

"Mke wangu anajifungua, mtoto amekaa vibaya. Wamemtoa Goweko wamempeleka hospitali Tabora. Wameniletea simu ya maandishi, wanasema niwahi."

"Ndugu yangu, nimekwambia imejaa."

Hakubisha. Alikwenda kusimama kwenye uzio, ameshika waya, anaitazama ndege. Jina lake Jilala.

Saa nne kasorobo abiria wakaanza kupanda. Nikawa wa mwisho. Ngazi yenyewe ilikuwa na vidato vitano tu, wadau. Mtoto wa miaka minne alishavipanda.

Nikapanda cha kwanza. Nikapanda cha pili. Nikapanda cha tatu, nikaona ndani: kale kanjia kembamba, vile vidirisha vya mviringo, watu wanajifunga mikanda. Harufu ya mafuta ikanijia.

Miguu ikakataa.

Sio kwamba niliamua. Nataka mnielewe hapo. Niliiambia miguu, mama anakusubiri amelala kwenye sanda, panda. Ikakataa. Mikono ikashika chuma cha ngazi. Jasho likanitoka mpaka shati likashika mgongoni. Mtu wa mizigo, Mabruki, akaja kwa nyuma akidhani naumwa, akanibandua vidole kimoja kimoja.

Nikageuka. Na nilipogeuka nikamwona Jilala kwenye uzio.

Hapo ndipo shetani alipopata kazi. Nilishuka nikamwendea mbio, utadhani nimekumbuka jambo la heri.

"Ndugu, ingia ndani ya ndege."

"Umesema imejaa."

"Chukua kiti changu."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakwenda siku nyingine. Wewe una mgonjwa."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniuliza jina, nikamwambia. Sikumwambia kwamba nina msiba. Alipanda zile ngazi na magambuti yake bila hata kutazama chini.

Ndege ikaruka. Nikaenda nyuma ya ghala nikatapika.

Na redio ilikuwepo pale ofisini, ningeweza kumwita Yahaya nikasema msinisubiri, zikeni. Sekunde kumi tu. Sikuthubutu. Nilichukua mfuko wangu nikaenda kutafuta lori.

Lori la kwanza, pantoni ya Rufiji, lori la pili, kisha treni siku nzima na usiku kucha. Njia nzima nilikuwa nashona uongo. Nitasema nimeshapanda, nimekaa kwenye kiti, mkubwa mmoja kutoka wizarani akanishusha. Enzi hizo mtu angeamini. Nikatengeneza mpaka rangi ya suti yake. Kijivu.

Nikafika Kwihara siku ya nne, mchana. Safari hii sikukung'uta vumbi, nikaliacha linitetee.

Barazani walikaa mjomba Sulemani na wazee wawili watatu. Nikawashika mikono. Sikusubiri hata kuulizwa.

"Mjomba, walinishusha. Nimeshafunga mkanda, akaja mkubwa mmoja wa wizarani, wakaniambia toka."

Mjomba akanitazama.

"Mkubwa?"

"Ndiyo, mjomba. Amevaa suti ya kijivu."

Mjomba akainuka akanijia. Mimi nikajua nimekamatika, leo nafukuzwa msibani kwa mama yangu.

Akanivuta kifuani akalia kwa sauti.

"Mnamsikia? Anaficha wema wake. Mtoto wa dada yangu anaficha wema wake."

Sikuelewa kitu mpaka mtu akatokea uani na shoka begani, alikuwa anatupasulia kuni za matanga. Amevaa gambuti.

"Ndugu Ghalibu," akasema Jilala, "hawa watu nimeshawaambia. Ulinipa kiti chako."

Ilikuwa hivi. Aliposhuka Tabora alikuta watu kwenye uzio wanauliza, Ghalibu yuko wapi. Akawajibu, Ghalibu karani amenipa kiti chake kwa sababu mke wangu yuko mahututi. Mjomba akamwambia, mama yake Ghalibu tunamzika leo. Lori likampitisha hospitali. Akakuta mkewe amepasuliwa, mzima, na mtoto wa kike mzima. Akarudi kwenye lori lilelile, akaenda nao Kwihara. Mjomba Sulemani ndiye aliyeingia kaburini mahali pangu. Na lile shuka linaloshikwa juu ya kaburi mwanamke anapoteremshwa, pembe moja alishika Jilala.

Mtoto wake alimpa jina la mama yangu, Tufaha.

Sasa niambieni, ningesema nini?

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Watu wanalia, Jilala ananitazama usoni. Ananitazama sana, kwa kweli, mpaka nikainamisha macho. Nikasema, "Ni kawaida tu, ndugu yangu." Yaani nikaupokea ule wema.

Alasiri akaja katibu wa tawi la chama kutoa rambirambi, akageuza msiba mkutano. Akasema huu ndio Ujamaa tunaouhubiri kila siku na hatuuoni, kijana ameacha maiti ya mama yake ili kuokoa familia ya ndugu yake asiyemjua. Akaniita nisimame. Nikasimama, kofia mkononi, watu wananiombea dua.

Ile dua niliisikia mgongoni kama naunguzwa na pasi.

Nikakimbilia jikoni kwa Khole. Alikuwa anaosha vyungu, hakuniangalia.

"Aliumwa lini?" nikamuuliza.

"Wiki tatu. Kifua."

"Wiki tatu! Mbona hamkuniita?"

Akaweka chungu chini.

"Kila siku nilitaka kukuita. Mama akasema, msimsumbue mtoto, ana kazi ya serikali. Yupo saa mbili na nusu tu. Nikizidiwa mtamwita, atafika. Nikamsikiliza. Ile Jumatano kabla ya adhana akaniambia, haya, sasa mwiteni, na weka maharage jikoni. Nikamtuma mtu kwa mjomba. Nikaweka maharage."

"Halafu?"

"Hata hayajachemka."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Ndipo akaniuliza swali moja. Hakuuliza ya ndege wala ya kiti.

"Ghali, ile saa mbili na nusu ni kweli?"

Niliyaona macho yake. Alikuwa anauliza kama alikosea. Wiki tatu alikaa na mama anakohoa, hakunitumia mtu, kwa sababu ya barua yangu. Kama hesabu ile ni ya kweli, basi mama alipanga sawasawa, ni Mungu tu aliyemchukua mapema. Kama si kweli...

"Ni kweli, dada."

"Basi hatukukosea," akasema. Akarudi kuosha vyungu.

Mpaka leo sijui kama siku hiyo nilidanganya kumlinda dada yangu au kujilinda mimi. Nikijitazama vizuri, naona nilijilinda mimi.

Miaka hamsini ikapita. Nilioa Mtwara, nikastaafu Mtwara. Kwihara nimekwenda mara chache sana, na kila nikienda kuna mtu ananishika mkono barabarani kuwaonyesha watoto wake, huyu ndiye yule. Mkadhani sipendi sifa. Kumbe nilikuwa siwezi kula chakula cha nyumba ile nikashiba.

Jilala hakuniacha. Tuliandikiana barua, baadaye simu. Kila mwaka ananitumia dumu la asali ya Sikonge, mpaka najiuliza huyu mtu anataka nini kwangu. Na kila tukiongea, mwisho wa maongezi anasema vilevile: "Ndugu Ghalibu, huna jingine la kuniambia?" Mimi nikadhani ndivyo wanavyoagana Goweko.

"Sina ndugu yangu, salamu tu."

Ijumaa iliyopita simu ikaita.

"Baba Ghalibu, shikamoo. Ni Tufaha, wa Goweko."

"Marahaba, mwanangu. Mzee hajambo?"

Akaniita tena, "Baba..." Nikajua.

"Mzee ametutoka jana."

Nililia, sifichi. Baadaye nikamwambia nitakuja kuzika. Nilisema nikijua shida ninayojitafutia, kwa sababu kutoka hapa mpaka Goweko kwa mzee wa umri wangu ni siku tatu, na siku hizi kila mtu atauliza mbona usipande ndege. Nikaanza kutafuta uongo tena. Nina miaka sabini na sita, simu iko sikioni, natafuta uongo. Nikafikiria presha. Nikafikiria miguu.

"Baba, tiketi yako tumeshakata," akasema Tufaha.



"Ya ndege?"

"Hapana. Ya basi mpaka Dar, halafu treni mpaka Goweko stesheni. Mzee alisema ndege tusithubutu kukukatia."

"Alisema... kwa nini?"

Sijui alikuwa analia au anacheka.

"Alisema siku ile ulipanda vidato vitatu ukaganda. Mtu wa mizigo akaja kukubandua vidole kwenye chuma. Yeye alikuwa kwenye uzio, aliona yote."

Nilikaa chini sakafuni, wadau.

"Alijua?"

"Tangu siku ile. Ila msiba hakuujua mpaka aliposhuka Tabora. Alisema alipowaona wanaume kwenye uzio na lori, akaona akisema alichokiona, hutaweza kurudi kwenu tena. Akatafuta neno ambalo si uongo. Akasema ulimpa kiti. Na kweli ulimpa, baba. Mimi nipo kwa sababu hiyo."

"Mbona hakuniambia miaka yote hii?"

"Alisema alikuwa anangoja umwambie wewe."

Huna jingine la kuniambia... Miaka hamsini mtu yule amekuwa akinifungulia mlango na mimi naufunga. Anatuma asali, anafungua tena. Amekufa anangoja.

Tufaha akamalizia, "Na ameacha neno, asizikwe mpaka ufike. Yupo mochwari, tunakusubiri. Alisema, hata akija kwa miguu kama watu wa msafara, msubirini."

Mama yangu alisubirishwa kwa ajili yangu na sikufika. Sasa kuna mwingine ananisubiri, na huyu alijua mimi ni nani.

Mtaniuliza funzo ni nini. Mimi sina haki ya kumfundisha mtu, ila nitasema nililonunua kwa bei kubwa. Ukiogopa, sema naogopa. Neno lenyewe lina herufi saba tu, sawa na jina langu. Ningelisema mwaka ule kwenye barua moja, mama angejua nipo mbali, angeniita mapema, ningefika na vumbi langu nikamkuta hai. Na nyinyi mlio mbali na wazazi, waambieni umbali wa kweli, ule wa kubadilisha magari na kulala njiani. Wao wanaupangia maisha yao.

Sasa nina ombi, ndilo hasa lililonifanya niandike.

Wajukuu wa Khole mlioko humu, nawajua, nyinyi ndio mliniunga kwenye hili kundi. Bibi yenu yupo hai, ana miaka themanini na mbili, na mpaka leo anaamini ile saa mbili na nusu. Nikishazika Goweko nakuja Kwihara. Nitakaa naye jikoni nimwambie kwamba hakukosea yeye wala mama, nilikosea mimi na rula yangu. Anaweza kunifukuza. Ana haki.

Nawaomba msimsomee hii. Nataka aisikie kwenye mdomo wangu.

Na akiwauliza nafika lini, msimtajie saa. Mwambieni tu nimeshapanda basi, nipo njiani, na ninaogopa.